Askofu Thomas Ken na wafalme wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Thomas Ken alikuwa nani?

Alikuwa askofu wa Kanisa la Uingereza, aliyezaliwa 1637 na kufariki 1711. Kiti chake kilikuwa Bath na Wells, dayosisi ya mkoa wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, na alikikalia kwa miaka michache tu. Wengi wanaomuulizia wamemfahamu kwanza kupitia nyimbo, kwa sababu ubeti mmoja alioutunga unaimbwa na Wakristo dunia nzima bila wao kujua ni wa nani. Wengine wamekutana naye kwenye historia, kama mmoja wa maaskofu saba waliofungwa na Mfalme James wa Pili mwaka 1688.

Wakiendelea kusoma wanakuta jambo linalowatatiza. Mwishoni mwa mwaka huohuo mfalme aliyemfunga akapinduliwa, na mwaka uliofuata Ken, badala ya kushangilia, akakataa kumwapia utii mfalme mpya. Akapoteza kiti, nyumba na mshahara kwa ajili ya mtu yuleyule aliyempeleka gerezani. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inazunguka jambo hilo, maana ukilielewa hilo umemwelewa Ken.

Ni misukosuko gani hasa iliyokuwapo wakati wake?

Hebu fuata umri wake. Akiwa na miaka mitano, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge vikalipuka, 1642. Alipokuwa na miaka saba, Askofu Mkuu wa Canterbury, William Laud, alikatwa kichwa, na Kitabu cha Sala, yaani kitabu rasmi cha ibada za kanisa hilo, kikapigwa marufuku mwaka huohuo wa 1645. Mwaka uliofuata Bunge likafuta kabisa cheo cha uaskofu. Alikuwa na miaka 11 mfalme mwenyewe alipokatwa kichwa hadharani, Januari 1649. Kwa hiyo kanisa ambalo Ken alikuja kuwa askofu wake, utotoni mwake halikuwapo kisheria.

Ufalme ulirudishwa 1660, na maaskofu wakarudi nao. Hapa tuseme ukweli wote: kanisa lililorudi halikuwa na huruma kwa wapinzani wake. Kati ya 1660 na 1662 wachungaji wapatao 2,000 waliondolewa kwenye parokia zao, wakiwemo waliotimuliwa kwa sababu hawakukubali Kitabu cha Sala kipya. Walipoteza nyumba na riziki kwa ajili ya dhamiri, jambo ambalo miaka 30 baadaye lingemfika Ken mwenyewe.

Alilelewa na nani?

Wazazi wake walifariki angali mdogo. Dada yake wa baba mmoja, Anne, alikuwa ameolewa na Izaak Walton, yule mwandishi wa kitabu mashuhuri cha uvuvi wa ndoano kilichotoka 1653, na nyumba yao ndiyo iliyomlea. Walton alikuwa mtu wa kanisa la zamani hasa, rafiki wa makasisi, na aliandika pia maisha ya kadhaa kati yao. Kijana aliyekulia hapo alisikia habari za uaminifu wakati wa dhiki tangu anajua kusikia.

Alisoma katika shule ya Winchester, kisha Oxford. Ukienda Winchester leo utaona jina lake limechongwa kwenye jiwe la ukumbi wa ndani wa shule, pamoja na mwaka 1656, kama wanafunzi wa kila zama wanavyofanya. Baada ya kupewa daraja takatifu alihudumu parokia kadhaa ndogo, mojawapo ikiwa Brighstone katika kisiwa cha Wight, kabla ya kurudi Winchester chini ya Askofu George Morley. Hakuoa.

Je, ni kweli alimnyima nyumba hawara wa mfalme?

Ndiyo, na kisa chenyewe ni cha 1683. Mfalme Charles wa Pili alikuwa akienda Winchester mara kwa mara kusimamia jumba jipya alilokuwa akijengewa huko. Msafara wa mfalme ulipokuja, ofisa wa kugawa malazi alipita akiweka alama kwenye nyumba za watu, na nyumba ya Ken ikapangiwa Nell Gwyn, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa kimada wa mfalme na kila mtu akijua. Ken wakati huo alikuwa kasisi wa mfalme. Alikataa. Alisema mwanamke mwenye sifa ile hafai kukaribishwa katika nyumba ya kasisi, sembuse nyumba ya kasisi wa mfalme. Nell akatafutiwa mahali pengine.

Watu walitarajia kwamba hapo ndipo safari yake ya vyeo imeishia. Mwaka uliofuata kiti cha Bath na Wells kikawa wazi, wakubwa wakaanza kutaja majina ya watu wao, na mfalme akauliza yuko wapi yule mtu mfupi mweusi aliyekataa kumlaza Nelly maskini. (Mweusi kwa maana ya nywele na sura, kama Waingereza walivyosema zamani zile.) Huyo ndiye akapewa uaskofu. Charles alikuwa na mapungufu mengi, lakini alitambua mtu asiyenunuliwa alipomwona.

Kabla ya uaskofu alifanya kazi wapi nje ya Uingereza?

Mwaka 1679 alipelekwa The Hague, Uholanzi, kuwa kasisi wa Princess Mary, binti wa James na mke wa William wa Orange. Huko aligombana na William. Mtu wa karibu wa William, Zulestein, alikuwa amemharibu binti mmoja wa Kiingereza aliyemhudumia Mary, naye Ken akambana Zulestein mpaka akamwoa binti huyo. William alikasirika sana. Kumbuka jina la William, kwa sababu miaka kumi baadaye yeye ndiye atakayekuwa mfalme.

Mwaka 1683 alisafiri tena, safari hii na manowari za Lord Dartmouth kwenda Tangier, Moroko, ambako Waingereza walikuwa wameamua kuubomoa mji wao na gati lake na kuondoka. Samuel Pepys, ofisa maarufu wa jeshi la majini, alikuwa safarini, na ameacha kumbukumbu kwamba yeye na Ken walibishana mezani kama pepo na mizuka vipo kweli. Ken alishikilia kwamba vipo.

Alianzaje kazi ya uaskofu?

Aliwekwa wakfu Lambeth tarehe 25 Januari 1685. Desturi ilikuwa askofu mpya kufanya karamu kubwa. Ken aliifuta na kuzitoa fedha zake, pauni 100, zisaidie kujenga upya kanisa kuu la St Paul lililoteketea katika moto mkubwa wa London.

Siku 12 baada ya kuwekwa wakfu, Charles akafariki. Ken alikuwa kando ya kitanda kwa siku hizo za mwisho, akimsihi mfalme atubu na apokee Ushirika Mtakatifu. Mfalme alisikiliza kwa upole lakini sakramenti akaiahirisha na kuiahirisha. Sababu ilijulikana baadaye: usiku wa mwisho watu walitolewa chumbani na padri Mkatoliki, John Huddleston, akaingizwa kwa mlango wa siri, akampokea Charles katika Kanisa Katoliki. Ken alimpenda mfalme huyu, na nadhani hakuna aliyejitahidi zaidi yake kuiokoa roho ile kwa njia aliyoijua.

Huko Wells maisha yake yalikuwa ya kawaida kuliko maaskofu wengi. Jumapili aliwaalika maskini 12 wale naye chakula cha mchana kwenye ukumbi wa nyumba ya askofu, na chakula kilichobaki wakabeba kupeleka kwa watoto wao.

Alihusikaje na uasi wa Monmouth?

Hili ni swali linalostahili jibu refu kuliko linavyopewa kwa kawaida.

James wa Pili, ndugu yake Charles, alikuwa Mkatoliki, na wengi hawakumtaka. Juni 1685 Duke wa Monmouth, mtoto wa nje ya ndoa wa Charles, alitua Lyme Regis na watu wachache, akatangazwa mfalme mjini Taunton, akakusanya wakulima na wafumaji wa Somerset. Yaani waumini wa Ken. Waasi waliingia hata kanisa kuu la Wells, wakang'oa madini ya risasi yaliyoezeka paa wapate kutengenezea marisau, wakavunja vunja vitu ndani. Tarehe 6 Julai walishindwa vibaya huko Sedgemoor, na Monmouth akakamatwa.

James aliwatuma Ken na Askofu Francis Turner wa Ely kumwandaa Monmouth kwa kifo. Walikesha naye na wakasimama naye jukwaani tarehe 15 Julai, wakimbana akiri kwamba kumwasi mfalme ni dhambi. Hakukiri kama walivyotaka. Mnyongaji Jack Ketch alikosea mapigo ya shoka mara kadhaa, umati ukapiga kelele kwa hasira. Wapo wanaowalaumu maaskofu kwa kumchosha mtu anayekwenda kufa kwa mabishano ya mafundisho, na lawama hiyo ina uzito. Lakini kwao haikuwa hoja ya darasani: waliamini kabisa kwamba asipoungama hilo hatapona.

Kisha Ken akarudi Somerset, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Magereza yalijaa. Jaji Jeffreys alizunguka miji ya magharibi akihukumu watu kwa mafungu. Mamia walinyongwa, na zaidi ya 800 walisafirishwa kwenda visiwa vya Karibiani kama Barbados, wakafanye kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba. Ken alikwenda magerezani mchana na usiku. Miaka 11 baadaye, alipohojiwa na Baraza la Mfalme kuhusu michango ya hisani, alieleza mwenyewe: wafungwa waliokuwa katika dayosisi yake walifika elfu moja au zaidi, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba wengi wao ni watu waovu wasio na dini, lakini aliwapa walichohitaji kadiri ya uwezo wake na kuwahimiza wengine wafanye hivyo, na Mfalme James hakumlaumu hata kidogo.

Hawa walikuwa wameliharibu kanisa lake. Tena uasi wao, kwa imani yake, ulikuwa dhambi ya wazi. Hakuona kwamba hayo yanamzuia kuwapelekea chakula.

Mwaka uliofuata, Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya Mfalme Louis wa 14, walipoanza kumiminika Uingereza, Ken alikuwa amepokea pauni 4,000 za ada ya kupangisha ardhi ya dayosisi. Sehemu kubwa ya fedha hizo aliwapa wao.

Maaskofu saba walifanya kosa gani 1688?

Aprili 1688 James alitoa kwa mara ya pili Tamko la Uhuru wa Dhamiri, lililosimamisha sheria zote zilizowabana Wakatoliki na Waprotestanti walio nje ya kanisa la taifa. Tarehe 4 Mei akaamuru lisomwe katika makanisa yote Jumapili mbili mfululizo. Maana yake makasisi wenyewe walitakiwa kutangaza kwa vinywa vyao kwamba mfalme anaweza kuziweka kando sheria za Bunge.

Usiku wa tarehe 18 Mei maaskofu sita walivuka mto kumpelekea mfalme ombi. Askofu Mkuu William Sancroft alikuwa ameliandika kwa mkono wake lakini alishakatazwa kufika ikulu. Sita hao walikuwa Ken, Turner wa Ely, Lake wa Chichester, White wa Peterborough, Lloyd wa St Asaph na Trelawny wa Bristol. James alilisoma, uso ukambadilika, akasema hiyo ni bendera ya uasi. Trelawny akapiga magoti akilia kwamba hakuna mtu wa ukoo wake anayeweza kuwa mwasi. Ken alijibu kwa utulivu kwamba wamefungwa na amri mbili, kumcha Mungu na kumheshimu mfalme. Wanataka kuzitimiza zote mbili. Mfalme watamheshimu. Mungu lazima wamche.

Kabla ya kucha, ombi lile lilikuwa limechapishwa na linauzwa mitaani. Jumapili ilipofika makanisa machache mno ya London yalisoma Tamko. Kule Westminster Abbey mkuu wa kanisa alijaribu kulisoma, karatasi ikimtetemeka mkononi, na watu wakainuka wakatoka. Alipomaliza walibaki karibu wanakwaya na wanafunzi peke yao.

Walifungwa muda gani, na kesi iliendaje?

Tarehe 8 Juni wote saba, Sancroft akiwemo, waliitwa mbele ya Baraza, wakashtakiwa kwa kuandika maneno ya uchochezi dhidi ya serikali, na walipokataa kuweka dhamana wakapelekwa Mnara wa London. Serikali iliwapitisha mtoni kwa mashua ili kukwepa umati wa barabarani. Haikusaidia kitu. Watu walijaa kingo zote mbili za Thames, wengine wakaingia majini, wakapiga magoti kuomba baraka mashua zikipita. Langoni mwa Mnara askari waliopangwa kuwalinda nao wakaomba kubarikiwa.

Waliachiwa wiki moja baadaye kusubiri kesi, iliyosikilizwa Westminster Hall tarehe 29 Juni. Mawakili wao waligusa kiini cha jambo: je, mfalme ana mamlaka ya kusimamisha sheria? Kama hana, basi kumwambia hivyo kwa heshima si uchochezi. Majaji wanne waligawanyika wawili kwa wawili, uamuzi ukabaki kwa raia 12 waliochaguliwa kuamua kesi. Walifungiwa chumbani usiku kucha. Mmoja wao, Michael Arnold, alikuwa mpika bia wa ikulu, na alilalamika kwamba akisema hawana hatia hatapika tena bia ya mfalme, na akisema wana hatia hatapika tena ya mtu mwingine yeyote. Alishikilia upande wa mfalme mpaka alfajiri, ndipo akakubaliana na wenzake.

Saa nne asubuhi ya tarehe 30 Juni ikatangazwa: hawana hatia. Kelele za shangwe zilitoka ukumbini zikasambaa London yote. James alikuwa Hounslow Heath na jeshi lake aliposikia vifijo, akauliza kuna nini. Akaambiwa si kitu, ni askari tu wanafurahi maaskofu wameachiwa. Akajibu kwa uchungu: hicho ndicho mnachokiita si kitu?

Siku hiyohiyo watu saba wenye vyeo, wala si wale maaskofu, walimwandikia kwa siri William wa Orange aje na jeshi.

Lakini Tamko lilikuwa linaleta uhuru wa dini. Je, maaskofu hawakuwa wanapinga jambo jema?

Swali hili huulizwa zaidi na vijana, na ni la haki. Kwa macho ya leo, ruhusa ya kila mtu kuabudu atakavyo ni jambo jema, na kanisa la Ken lilikuwa limewatesa kwa sheria watu ambao Tamko lingewapa nafuu. Hilo halifutiki. Ombi lenyewe lilisema hawakatai kuwapa nafuu wale walio nje ya kanisa lao, mradi jambo lipitie Bungeni.

Hoja yao ilikuwa juu ya njia. Mfalme anayeweza kufuta sheria mbaya kwa neno lake anaweza kufuta na iliyo njema. Mimi naona walikuwa sahihi juu ya njia, na kwamba walichelewa sana kuona shida ya watu waliokuwa wakikandamizwa na sheria zile. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Sasa kwa nini alikataa kumwapia William utii?

William alitua Torbay tarehe 5 Novemba 1688, James akakimbilia Ufaransa, na mapema 1689 Bunge likampa William na Mary taji. Katika Baraza la Mabwana Ken alipiga kura James aendelee kuwa mfalme kwa jina, mwingine atawale kwa niaba yake. Pendekezo likashindwa kwa kura chache. Kisha kila askofu na kasisi akatakiwa ale kiapo kipya cha utii kabla ya Agosti, na asiyekula angesimamishwa, kisha aondolewe.

Ken alikuwa ameshamwapia James. Kiapo kwake kilikuwa ahadi mbele ya Mungu, na James alikuwa bado hai. Kwamba James alikuwa mfalme mbaya halikubadilisha aliyemwapia ni nani. Ukitazama hivi, 1688 na 1689 ni msimamo mmoja. Alifundishwa tangu ujana kwamba mfalme akikuamuru kutenda uovu, kataa, kisha upokee adhabu bila kuinua silaha. James alipoamuru lisilofaa, Ken alikataa na akaenda gerezani. Wengine walipomwondoa James kwa jeshi la kigeni, hakuweza kuingia humo pia.

Asidhaniwe kwamba ilikuwa rahisi. Alisitasita kwa miezi. Rafiki yake wa miaka mingi, George Hooper, aliyekula kiapo, alikaa naye akimshawishi hoja baada ya hoja. Mwishowe Ken akamwambia kwamba hana shaka Hooper na wengine wamekula kiapo kwa dhamiri safi sawa na ile inayomfanya yeye akatae, na kwamba mara nyingine karibu amshawishi. Lakini akamwomba asiendelee, maana kama angekubali kisha akaja kujuta, angekuwa mtu mwenye taabu kuliko wote duniani.

Kati ya wale saba wa 1688, watano walikataa kiapo, wakiwemo Sancroft na Turner. Lloyd na Trelawny waliapa. Makasisi wapatao 400 nao walikataa na kupoteza kazi.

Alipoondolewa aliishi vipi?

Kwanza alipinga hadharani, ndani ya kanisa kuu la Wells na sokoni, akitangaza kwamba yeye bado ndiye askofu halali na Bunge halina uwezo wa kumvua alichopewa na Kanisa. Halafu akaondoka bila fujo. Mali yake yote ilipouzwa ilipatikana pauni 700. Rafiki yake tangu Oxford, Thomas Thynne, Viscount wa Weymouth, alizichukua akawa anamlipa pauni 80 kila mwaka, na akampa vyumba katika jumba lake la Longleat. Huko Ken aliishi miaka 20, pamoja na vitabu vyake na Agano Jipya la Kigiriki ambalo, kwa kusomwa mno, lilikuwa likijifungua lenyewe penye sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza.

Kati ya waliokataa kiapo walikuwemo waliotaka kuanzisha mlolongo wao wa maaskofu, na 1694 waliwaweka wakfu wawili kwa siri. Ken hakukubali. Alikuwa tayari kupoteza kiti, lakini hakutaka mgawanyiko urithishwe kizazi baada ya kizazi.

Nani alichukua kiti chake, na kwa nini Ken hakurudi?

Kwanza alifuatwa William Beveridge, akakataa kukalia kiti cha mtu aliye hai. Akapewa Richard Kidder, 1691. Ken hakuwa mpole kwake. Barua zake zinamtaja kwa maneno makali, akimwona ni mchungaji wa mshahara aliyeingia zizini bila haki. Sioni sababu ya kuficha hilo.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 1703 dhoruba kubwa kuliko zote zinazokumbukwa Uingereza ilipiga kusini mwa nchi. Pale Wells mabomba ya moshi ya nyumba ya askofu yaliporomoka, yakapasua dari, yakawaua Kidder na mkewe kitandani. Ken usiku uleule alikuwa Poulshot kwa mpwa wake. Asubuhi waligundua boriti iliyoshika paa juu ya kitanda chake imechomoka karibu yote, imeshikiliwa na kipande kidogo tu.

Malkia Anne, aliyetawala baada ya William, alikuwa tayari kumrudishia kiti. Ken alikuwa mzee na mgonjwa, na kiapo kilikuwa palepale. Aliposikia kwamba Hooper, yule rafiki wa mabishano, anaweza kupewa nafasi hiyo, alimsihi aipokee, na yeye mwenyewe akaachia madai yake yote. Kwa makasisi wengine waliokataa kiapo huu ulikuwa usaliti, na walimwandikia hivyo. Yeye alifurahi kwamba kundi limepata mchungaji wa kweli. Hooper naye alimwombea kwa Malkia posho ya pauni 200 kwa mwaka.

Ni nyimbo gani alizotunga?

Mwaka 1674 alichapisha kitabu kidogo cha sala kwa ajili ya wanafunzi wa Winchester, na aliwaelekeza waimbe wimbo wa asubuhi na wa jioni vyumbani mwao. Toleo la 1695 lilichapisha nyimbo zenyewe tatu: wa asubuhi, wa jioni, na wa usiku wa manane kwa anayekosa usingizi. Zote tatu zinaishia na ubeti uleule wa mistari minne, unaowaita viumbe wa duniani na majeshi ya mbinguni wamsifu Mungu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Huo ndio doksolojia ambayo makanisa mengi, ya Afrika Mashariki yakiwemo, huiimba sadaka inapopelekwa mbele. Sauti yake iliyozoeleka ni ya zamani kuliko maneno: ilitoka katika zaburi za Geneva za 1551. Waliofika kanisani jioni huenda wanaujua pia wimbo wake wa jioni, unaoimbwa kwa sauti ya Thomas Tallis.

Alikufaje, na alizikwa wapi?

Alifariki Longleat tarehe 19 Machi 1711. Kwa miaka mingi alikuwa akisafiri na sanda yake ndani ya begi la mizigo, na alipojua saa imekaribia aliivaa mwenyewe. Katika wosia aliandika kwamba anakufa katika imani takatifu, katoliki na ya kitume iliyokiriwa na Kanisa lote kabla ya Mashariki na Magharibi kutengana, na katika ushirika wa Kanisa la Uingereza.

Alizikwa Frome, kwa sababu ilikuwa parokia ya karibu iliyo ndani ya dayosisi yake ya zamani. Alikuwa ameagiza azikwe nje ya kanisa, chini ya dirisha la mashariki. Jeneza lilibebwa na maskini sita wa parokia, jua likichomoza.

Ninaweza kuona wapi mambo yake, na anakumbukwa lini?

Kaburi lipo kwenye kanisa la St John, Frome. Nyumba ya askofu Wells, yenye handaki la maji kuizunguka, hupokea wageni, na kanisa kuu liko jirani kabisa. Kanisa la Uingereza limemwekea siku katika kalenda yake, tarehe 8 Juni, siku aliyopelekwa Mnara wa London.